Nta ya Zamani Hutoka Kwanza

Jirani yangu ana mfuko wa plastiki ambao serikali ingependa sana kujua uko wapi. Ni katika ile mifuko myembamba ya kubebea nyanya, iliyopigwa marufuku watu wakabaki kubebea nyanya ndani ya kofia. Wengi wetu tulichoma yetu kwa woga. Yeye aliuosha wake, akauanika, akauficha nyuma ya picha ya Yesu pale sebuleni, akasema, "Hapo hakuna askari atapekua bila kuomba kwanza."

Haubebei kitu. Anauvaa mkono wa kulia kama glavu, anafumba macho, halafu anapapasa gari lake polepole kutoka boneti hadi buti, vile mama anavyompima mtoto homa. Anasema mkono ulio ndani ya mfuko husikia kuliko mkono mtupu. Nilidhani ni uzee huo unaongea, mpaka siku aliponilazimisha kujaribu. Kwa mkono mtupu gari lilikuwa laini kama shavu. Kwa mfuko, nikasikia vipunje vipunje, kama unga uliosagwa na mtu mwenye haraka.

"Hii ni nini?" nikamuuliza.

"Hiyo ni nta ya mwaka jana na vumbi la mwaka jana, wamelala kitanda kimoja," akasema. "Sasa nikipaka ingine juu, nitakuwa nimewafunika na blanketi."

Mtaa mzima wa hapa kwetu Kimumu humwita Mwalimu, hata watu ambao hakuwafundisha. Alifundisha Sayansi Kimu katika shule za msingi hadi akastaafu, ingawa sisi majirani tunaona kama hakustaafu vizuri. Jina lake nalijua, lakini nikiliandika hapa atanijia na kalamu nyekundu. Mimi ananiita Baba Kuku. Kisa ni kwamba nafuga kuku, na kwamba kwa maoni yake mimi na kuku wangu tuna tabia moja, isipokuwa kuku wakipata nafasi hutoka nje ya geti.

Hapo sina la kujitetea. Mimi ni mtu wa nyumbani. Nilimaliza kidato cha nne, nikarudi nyumbani kupumzika kidogo, na bado napumzika. Mke wangu ndiye huenda mjini kufungua duka. Mimi hubaki na kuku, redio, na ule ua wa kayaba unaotenganisha boma letu na la Mwalimu. Kwenye huo ua kuna tundu. Mke wangu huamini lilitobolewa na mbwa. Lilitobolewa na mimi nikifuata chai.

Gari lenyewe ni gari dogo la zamani, buluu ya mbingu ya Januari, na rangi hiyo ndiyo ile ile lililotoka nayo kiwandani. Hicho ndicho kiburi cha Mwalimu. Magari ya umri wake yamepakwa rangi upya, mengine yana mlango mweupe na boneti nyekundu kama bendera ya nchi isiyojulikana. Lake halijaguswa. Lakini gari hilo lina kesi, na kesi yenyewe tunaijua sote. Mwanawe wa mwisho, anayefanya kazi na kuishi mjini, huja kila Jumapili kula chakula cha mchana, na sahani zikiondolewa, anaomba ufunguo. Si kwa ubaya. Anasema mama amezeeka, barabara ya Nakuru imejaa malori, na hataki siku moja apigiwe simu na mtu asiyemjua.

Mwalimu hajibu kwa maneno. Humtoa nje, humsimamisha mbele ya gari.

"Angalia hapo kwa boneti. Unaona nini?"

"Naona uso wangu, Mama."

"Uko safi?"

"Uko safi."

"Sasa mtu anaweza kung'arisha chuma mpaka ujione meno, huyo atashindwa kushika usukani?"

Kijana hurekebisha kola akijitazama kwenye boneti, anapanda boda, anaenda zake. Na mimi kwenye tundu langu la ua huwa najua kesi imeahirishwa tena. Ndiyo maana ule mng'aro haukuwa urembo tu. Ulikuwa wakili wake. Siku ukififia, ufunguo unaondoka, na ufunguo ukiondoka, Mwalimu anabaki kama mimi, wa kuangalia barabara kupitia kayaba.

Kutoa nta ilikuwa kazi ya misimu: kabla ya mvua kubwa, halafu tena baada ya mavuno, mahindi yakishaingia ghalani. Aliianza asubuhi, gari likiwa kwenye kivuli cha nyumba, maana jua la Eldoret ni la unafiki: asubuhi linakuacha uvae sweta mbili, na saa sita linakukaushia sabuni kabla hujafikisha kitambaa. Kazi yangu ilikuwa kuleta maji kutoka kwenye tangi kwa wilbaro. Hicho ndicho chombo cha usafiri pekee ninachomiliki, na Mwalimu hakuniacha nisahau.

"Hiyo gari yako nayo, Baba Kuku, utaipaka nta lini?"

"Ikipata namba za usajili, Mwalimu."

Wiki zingine zote aliliosha kwa sabuni ya gari, polepole, bila makelele. Siku ya kutoa nta alileta ile ya kuoshea vyombo, inayokata mafuta ya mbuzi kwenye sufuria. "Hii ni kali," alisema. "Ukiitumia kila siku unavua gari nguo. Lakini leo ndiyo tunataka kuivua." Baada ya sabuni na kusuuza, alilowesha kitambaa kwa spiriti akapangusa sehemu moja, akageuza kitambaa, akaingia sehemu nyingine, bila kukandamiza. Vitambaa vyenyewe vilikuwa fulana za marehemu mume wake. Nilimuuliza kama hilo halimuumi. Akasema marehemu alipenda kuvaa fulana mpaka ziwe matambara, kwa hivyo yeye anamalizia tu kazi aliyoiacha.

Halafu kopo la maji juu ya boneti. Yakijikusanya yakawa vidonge vinavyobingirika kama shanga, nta bado ipo, rudi kwa spiriti. Yakilala chini yakaenea kama chai iliyomwagika mezani, nta imeisha.

"Baba Kuku, geuka kidogo. Gari iko uchi."

Na mimi ningegeuka. Mpumbavu ni mimi.

Ndipo ungetoka mfuko nyuma ya Yesu kwa ukaguzi wa mwisho, kisha mkebe wa nta, na hapo ndipo Mwalimu alikuwa mchoyo kuliko mtu yeyote ninayemjua. Chai atakupa mpaka uombe kupumzika. Nta hapana. "Nyembamba," alisema. "Paka kama unampakia siagi mgeni ambaye hukumwalika. Nta nyingi haifanyi kazi zaidi, inakaa tu hapo ikingoja vumbi."

Alifundisha watoto kupiga pasi na kupika kabeji, na kwake mambo yote yalikuwa somo lile lile. Hakuna kutia wanga kwenye shati lenye jasho. Hakuna kupaka udongo mpya kwenye ukuta unaomeguka. Hata mke wangu na mimi tulipokosana kwa sababu ambayo sitaisema hapa, ila ilihusu kuku kulala jikoni, Mwalimu alinikuta nikimkaribisha mama watoto kwa chapati za moto, akanivuta kando. "Umeomba msamaha?" Nikasema chapati ndizo msamaha. Akatikisa kichwa. "Wewe unapaka juu."

Sasa usifikiri alikuwa malaika wa usafi. Ndani ya gari lile kulikuwa ghala. Kulikuwa na mwavuli usio na mpini, Biblia, gunia tupu, kabeji iliyosahaulika tangu Pasaka, na chini ya kiti cha nyuma maharagwe yalimwagika siku moja, mvua ikaingia kwa dirisha, yakaota. Nakuambia yaliota, na majani. Nilimwita aone, akachuchumaa akayatazama kwa upole wote wa dunia, akasema, "Yaache kwanza, tuone kama yatatoa maua."

Na kalenda. Kwenye ukuta wa sebule yake kuna msumari mmoja, na kila Januari anapoletewa kalenda mpya, hutundika juu ya ile ya zamani. Ya zamani haitoki. Msumari ule umebeba miaka mpaka kalenda zimetokeza kama tumbo la mheshimiwa. Siku moja nilijifanya hodari.

"Mwalimu, hapa naona unapaka juu."

Alinitazama juu ya miwani kwa muda mrefu hata nikaanza kutafuta mlango.

"Kalenda haipigwi na jua," akasema. "Na kunywa chai yako."

Kuhusu uendeshaji wake, niseme tu kwamba ng'ombe walimpenda. Alienda Cheptiret kununua viazi, kwa sababu aliamini viazi vya huko vinachemka bila kuvunjika, na alienda kwa mwendo wa kumsalimia kila mtu na kusikia jibu. Alipiga honi kwenye kila kona hata kama upande wa pili hakukuwa na mtu. Malori yalimpita yakimlaani, naye akayapungia mkono. "Wana haraka gani? Nikifika mapema nitakuta viazi vimejichemsha?" Mimi alinialika mara nyingi twende pamoja. Nilikuwa na sababu kila mara. Kuku anaatamia. Kuku anakohoa. Kuku ananitazama vibaya, nadhani kuna jambo.

Lakini siwezi kumchora Mwalimu bila harusi ya Moi's Bridge.

Ukiishi Uasin Gishu unajua habari ya mafuta ya kukamulia. Yalitengenezwa kwa ajili ya chuchu za ng'ombe, na ng'ombe pengine ndiye anayapata kidogo kuliko sisi wote. Tunapaka midomo ikipasuka kwa baridi. Tunapaka visigino. Tunapaka viatu vya shule, bawaba za mlango, na watoto uso mzima siku ya picha. Kijana wa Mwalimu alilelewa ndani ya mafuta hayo. Basi mtoto wa dada yake Mwalimu alipoolewa huko Moi's Bridge, gari la buluu likaombwa limbebe bibi harusi. Mwalimu alikwisha kutoa nta ya zamani siku iliyotangulia, gari likiwa uchi na tayari, lakini asubuhi ya harusi alikwama jikoni na keki iliyokataa kupanda. Akampigia kijana kelele kupitia dirishani: "Chukua mkebe ulio kwa rafu, upake gari, nyembamba!"

Kwenye rafu kulikuwa na mikebe miwili. Kijana akachukua mkubwa.

Na liling'aa! Nikiwa kwenye tundu langu nilisifu kwa sauti, sikuficha. Kijana alipaka gari lote, paa, milango, hata vikombe vya magurudumu. Harufu niliisikia, lakini huku kwetu harufu ya mafuta ya kukamulia ni kama harufu ya watu. Keki ikapanda, Mwalimu akatoka mbio na kofia ya harusi, akaingia gari bila kuligusa, wakaondoka. Mke wangu alikuwa kiti cha nyuma. Mimi, kama kawaida, kuku walikuwa na shida.

Sasa ilikuwa wakati wa mavuno. Ukikaribia Moi's Bridge majira hayo, mashine za kupukuchua mahindi zinanguruma kando ya barabara na makapi yanapepea hewani kama theluji tunayoiona kwa televisheni. Gari lilipita kwenye mashine ya kwanza, na makapi yakashika. Mashine ya pili, yakaongezeka. Kufika kanisani, mke wangu anasema, buluu haikuonekana tena. Gari lilikuwa limeota manyoya. Watoto wa huko walilikimbilia wakidhani ni pambo. Mzee mmoja alilizunguka akiwa na fimbo yake, akauliza kwa heshima, "Mama, hii ni gari ama mmeleta kondoo ya mahari?"

Mwalimu alishuka. Hakupaza sauti, na wanaomjua wanaelewa kwamba huo ndio ubaya. Alichota kidogo kwa kidole kwenye mlango, akanusa, akamtazama mwanawe.

"Umekamua lita ngapi?"

Bibi harusi, jambo la kumpongeza, alipanda hivyo hivyo, na mpaka leo picha za harusi hiyo hazionyeshwi bila maelezo. Kesho yake kijana alivua gari manyoya na mafuta kuanzia asubuhi, sabuni ya vyombo ikaisha ikaletwa nyingine, na Mwalimu amekaa kwenye kigoda akimwelekeza kwa mwiko. Hakugusa maji hata tone. "Hapo. Hapo tena. Mwaga maji. Yanabingirika? Rudi." Tangu siku hiyo, kijana alipoomba ufunguo, mara nyingi hakupelekwa hata kujitazama kwenye boneti. Aliulizwa tu, "Nani? Yule wa mafuta ya ng'ombe?" na kesi ikaisha hapo, mimi nikacheka upande wangu wa ua mpaka kuku wakashtuka.

Mwaka huu niliacha kucheka.

Ilikuwa kabla ya mvua kubwa. Nilikuwa nimepita tunduni kufuata chai, na Mwalimu akaepua sufuria jikoni. Aliishika kwa mikono mitupu, maziwa yakichemka ndani, akaja nayo hadi mezani bila haraka, akaiweka. Nilipiga kelele mimi. Yeye aligeuza viganja akavitazama kama vitu vya kuazima. Vilikuwa vyekundu.

"Haijachoma," akasema.

"Mwalimu, imechoma!"

"Basi haijaniambia." Akaviweka kwenye karai la maji baridi, akaketi. "Ni sukari hiyo. Daktari alisema inaanza kwa ncha za vidole, mikono na miguu, kama panya akila mahindi. Kunywa chai."

Nikanywa. Viganja vilipopoa akatoa mfuko nyuma ya Yesu, akaniambia nimfuate nje. Alikuwa ameshaosha gari asubuhi hiyo, ameshapangusa spiriti, bila kuniita. Akavaa mfuko, akafumba macho, akapapasa boneti. Kisha akageuka akapapasa ukuta wa nyumba yake, ule wa mawe ambao haujapigwa lipu.

"Hapa nasikia laini," akasema. Akarudi kwenye gari. "Hapa pia nasikia laini." Akavua mfuko. "Leta mkono, Baba Kuku."

Nikaingiza mkono. Nami nikajua haraka kuliko nilivyotaka. Boneti ilikuwa na vipunje, paa karibu na kioo lilikuwa na vipunje, mlango wa dereva ulikuwa kama chumvi. Nta ya zamani ilikuwa pale pale. Jumapili ilikuwa inakuja. Ningesema liko sawa, angepaka, gari lingeng'aa kiasi, kijana angejiona kola yake, na chai ingeendelea. Mdomo wangu ulikuwa tayari kabisa.

"Na usinipatie jibu la kunifurahisha," akasema akiwa bado amefumba macho. "Nimesahihisha madaftari maisha yangu yote. Mtoto anayenakili namjua kwa pumzi."

"Haijatoka, Mwalimu," nikasema. "Hapa, na hapa juu, na huu mlango wote."

Kuku wangu mmoja alikuwa amepita tunduni, anachakura karibu na gurudumu, na Mwalimu akamtazama huyo kuku badala yangu.

"Unajua nani aliinamisha nguzo ya geti yangu?"

"Si lori la mchanga?"

"Kwani umeona nikijenga? Ni mimi. Nilikanyaga breki. Nilijua ni breki. Mguu haukuniambia kitu kingine." Akakunja mfuko vizuri mara nyingi hadi ukawa mdogo kama stempu. "Ingekuwa si nguzo, ingekuwa mtoto wa mtu anatoka shule."

Nikaenda kuleta maji kwa wilbaro.

Tukatoa ile nta. Nasema tukatoa, lakini yeye alikaa kwenye kigoda na mwiko, na mimi, mtu ambaye chombo pekee nilichowahi kusugua kwa moyo ni bakuli la maji ya kuku, nikapangusa. Alinirudisha mlangoni mara nyingi hata nikamhurumia yule kijana. Mwishowe nikamwaga kopo la maji, yakalala chini, yakaenea boneti nzima bila kidonge hata kimoja. Nikapapasa kwa mfuko. Kioo kitupu. Nikaenda kuchukua mkebe, na nikasoma kwanza, sikuwa mjinga.

"Rudisha," Mwalimu akasema.

"Hujapaka."

"Najua sijapaka."

"Mawingu yale unayaona? Gari iko uchi!"

"Basi geuka," akasema, akaingia ndani.

Jioni mvua ikaja, ile ya kwanza, ya matone makubwa. Nilisimama kwenye tundu na gunia kichwani nikaangalia maji yakilala juu ya ile buluu bila kukusanyika. Kule barazani Mwalimu alikuwa ameketi na kikombe chake, anaangalia vilevile. Hakuinuka kulifunika.

Jumapili kijana akaja. Tukala. Mimi nilikuwa nimealikwa, au nilikuwepo, tofauti ni ndogo. Sahani zilipoondolewa kijana alikohoa, akafungua mdomo, na nadhani hata yeye alikuwa amechoka na swali hilo, maana aliufunga tena. Mwalimu ndiye aliyeinuka. "Njoo nje."

Akamsimamisha mahali pa siku zote. "Unaona nini?"

Kijana aliinama. "Sijioni vizuri, Mama."

"Mwaga maji."

Akamwaga. Yakaenea. Alilitazama lile ziwa dogo kwenye boneti, akamtazama mama yake. "Mbona haina nta? Ulisahau?"

"Mimi nimesahau lini?" Akatoa mfuko kwenye mfuko wa aproni. "Ingiza mkono. Pangusa hayo maji kwanza. Funga macho. Ukiangalia hutasikia."

Kijana akapapasa, mtu mzima na tai yake, macho amefumba, kutoka boneti hadi buti na kurudi. Alikuwa amewahi kuliosha gari lile kwa adhabu, lakini hakuwahi kupewa mfuko.

"Unasikia nini?"

"Hakuna kitu."

"Hakuna kitu kabisa?"

"Laini tupu, Mama."

"Basi. Yangu nimetoa yote." Akaweka mkebe juu ya boneti, na juu ya mkebe akaweka ufunguo. "Gari haipokewi na nta ya mtu mwingine. Paka yako. Na uangalie mkebe kwanza kama una picha ya ng'ombe."

Nilicheka mimi peke yangu. Kijana alikuwa anautazama ule ufunguo aliokuwa akiuomba Jumapili zote hizo, na kwa sura yake ungedhani ameombwa autoe, si aupokee. Akajipangusa uso kwa mkono wenye mfuko, jambo ambalo halisaidii. Kisha akavua tai, akachota nta, akaanza, na kwa woga akachota nyingi.

"Nyembamba!" Mwalimu na mimi tukasema pamoja.

Ilipokauka akaisugua kwa kipande cha mwisho cha fulana ya baba yake, na gari likarudi kuwa mbingu ya Januari. Mwalimu alikuwa ameingia ndani akatoka na mkoba na kofia. Alikwenda moja kwa moja hadi mlango wa dereva, kwa mazoea, akashika kitasa. Akasimama hapo kidogo. Kijana akaendelea kukunja kile kipande cha fulana, na hilo nitamshukuru nalo siku zote. Mwalimu akaachilia kitasa, akazunguka nyuma ya gari, akafungua mlango wa upande wa pili, akaondoa kabeji kwenye kiti, akaketi.

"Twende Cheptiret, viazi vimeisha. Mfuko uufiche vizuri. Ukishikwa nao mimi sikujui. Na wewe Baba Kuku, ingia."

"Mwalimu, kuku..."

"Kuku wana akili. Ingia."

Nikaingia nyuma na ndara zangu, miguu nimeikunja nisikanyage maharagwe. Tukatoka polepole tukipita ile nguzo iliyoinama. Kwenye kona ya kwanza kijana alipiga honi, ingawa hakukuwa na mtu, na Mwalimu akaitikia kwa kichwa kama anayeweka alama ya vema daftarini. Kisha ng'ombe wakaanza kuvuka barabara mbele yetu. Kutoka kiti cha nyuma niliuona mguu wa kulia wa Mwalimu ukiinuka na kukanyaga sakafu, mahali ambapo hapakuwa na kitu cha kukanyaga, na gari likapunguza mwendo taratibu hadi likasimama, kwa sababu kijana naye alikuwa amekanyaga.